Dirisha la Kioo Si Pambo

"Umemaliza likizo nzima ukipaka kompyuta rangi." Mhadhiri wetu mmoja aliniambia maneno hayo mbele ya darasa, nilipomaliza kueleza kazi niliyoifanya katika duka la kuchapa hapa Mbale. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa mwanafunzi hamjibu mwalimu wake kwa hasira mbele za watu. Lakini nilirudi chumbani nikiwa na jibu kooni, na jibu hilo ndilo makala haya. Mhadhiri wangu ninamheshimu. Hoja yake ndiyo ninayoipinga, kwa sababu nimeisikia pia kwa wanafunzi wenzangu, na ninaamini inatudhuru.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Nilitengeneza imeji ya Linux, yaani mfumo endeshi mzima uliofungwa pamoja na programu zake, fonti zake na sura yake, ili kila kompyuta inayoupokea ifanane na nyingine. Sura niliyoipa ni ya kioo: kingo za madirisha zinapitisha mwanga, upau wa chini unang'aa, na pembeni kushoto kuna kitufe cha duara. Aliyetumia Windows Vista ya mwaka 2007 au Windows 7 ya mwaka 2009 anaijua sura hiyo. Microsoft waliiita Aero, na mwaka 2012 walipoleta Windows 8 wakaondoa kioo chake. Swali la mhadhiri ni halali: kwa nini kijana wa leo afufue sura iliyozikwa na wenyewe, tena katika mji wenye shida nyingine tele?

Jibu liko dukani. Duka ni la shangazi yangu, mwendo mfupi kutoka mnara wa saa. Lina kompyuta tano za mezani, zote zilinunuliwa zikiwa zimetumika. Wanafunzi huja kuchapa ripoti za utafiti, walimu huja kuandika mitihani, wazee huja na barua ya mwenyekiti wa LC1 ili itolewe fotokopi. Kompyuta hizo zote zilikuwa na Windows 7 ya kunakiliwa, isiyo na leseni. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Tangu siku hiyo kila flashi iliyochomekwa dukani ilikuwa bahati nasibu.

Mwaka jana dada mmoja wa mwaka wa mwisho alileta ripoti yake kwenye flashi. Alipoichomeka, folda zake zote ziligeuka njia za mkato zisizofunguka. Tulihangaika hadi jioni. Mafaili mengi tuliyapata yakiwa yamefichwa, lakini sura ya nne haikufunguka tena, na nakala nyingine hakuwa nayo. Shangazi alimrudishia pesa alizokwisha kulipa. Yule dada alizipokea, akaketi kwenye benchi la nje, akalia. Sijui kama virusi vilitoka kwetu au alikuja navyo. Ninachojua ni kwamba mashine zetu hazikuwa na kinga yoyote, na tulikuwa tunalijua hilo.

Mtu atasema: nunueni Windows mpya. Windows 10 nayo iliisha muda wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine za shangazi hazina sifa hizo. Kwa hiyo ushauri huo maana yake ni kununua kompyuta tano mpya. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mashine za shangazi bado zinawaka, zinaandika na kuchapa. Kilichozeeka ni ahadi ya kampuni ya mbali.

Nikaingia Linux. Awamu ya kwanza nilifanya vile ambavyo mhadhiri wangu angependa: sikupaka rangi. Niliweka mfumo jinsi ulivyokuja, na sura yake ya kisasa iliyo bapa, tulivu, yenye alama ndogo za kijivu. Virusi vile vya flashi havikuwa na nafasi tena. Kiufundi kazi ilikuwa imekamilika. Siku ya tatu akaja mwalimu wa shule ya msingi, mteja wetu wa miaka mingi. Aliketi, akatazama kioo, akasogeza mausi huku na huku, kisha akainuka. "Mama, hii mashine imeharibika." Haikuwa imeharibika. Wengine hawakusema kitu, walihamia tu duka la jirani. Baada ya wiki mbili shangazi akaniita. "Mwanangu," akasema, "mashine zako ni nzuri, lakini hazina watu."

Hapo ndipo nilipoanza kupaka rangi. Nilirudisha kitufe cha duara mahali pake, upau wa chini, kivuli chini ya kila dirisha, mng'ao juu ya kila kitufe. Programu zilibaki zilezile, LibreOffice ileile, mashine ileile. Yule mwalimu aliporudi kutoa fotokopi nilimwomba ajaribu. Alibonyeza kitufe cha pembeni, akaona orodha, akafungua ukurasa, akaandika mtihani wa darasa la sita hadi mwisho. Sikumfundisha neno. Nawauliza wasomi wenzangu: ikiwa rangi peke yake ndiyo iliyobadilika, na mtu aliyeshindwa jana ameweza leo, tuna haki gani ya kuiita rangi tu?

Watu wengi wa mji huu hawakujifunza kompyuta kwa kitabu. Walijifunza kwa mkono, katika maduka kama la shangazi, wakilipia dakika. Mkono wa mwalimu yule unaijua kona ya chini kushoto kama unavyoijua kufuli ya mlango wa kwake usiku umeme ukikatika. Ukimbadilishia sura yote umemnyang'anya elimu aliyoilipia. Tena sura ya kioo ilikuwa na adabu kwa mgeni. Kitufe kilionekana kimeinuka, kwa hiyo ulijua kinabonyezwa. Dirisha lililo mbele lilikuwa na kivuli, kwa hiyo ulijua lipi liko juu ya lipi. Mitindo bapa iliyofuata ilifuta alama hizo kwa jina la usafi. Anayeshinda na kompyuta kutwa hazihitaji. Anayeigusa mara mbili kwa mwezi anazihitaji sana, na huyo ndiye mteja wetu.

Hoja ya pili niliyoisikia ni ya maendeleo: kioo ni mambo ya zamani, sisi tunatakiwa kwenda mbele. Hoja hii inanishangaza kuliko zote. Mwezi Juni 2025 kampuni ya Apple ilitangaza sura mpya ya simu na kompyuta zake, ikaiita Liquid Glass, yaani kioo cha majimaji. Vitufe vyake vinapitisha mwanga, kingo zake zinang'aa. Apple wenyewe walikuwa wameanza mambo ya kung'aa tangu mwaka 2000 kwa sura waliyoiita Aqua, wakayaacha, sasa wameyarudia. Waliokuwa wananicheka wakaanza kutumiana video za simu hizo. Kioo kikitoka Kalifornia ni kesho, kikitoka Mbale ni jana. Kama kipimo chetu cha maendeleo ni anwani ya aliyetengeneza, basi tuseme hivyo waziwazi tuache kujifanya tunajadili usanifu.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, na aliyeitoa ni rafiki yangu anayesoma kompyuta. Yeye anaipenda Linux kuliko mimi. Alinilaumu hivi: programu huru haihitaji kuvaa nguo za bwana. Unawafundisha watu kwamba kompyuta ni Windows, hata pale ulipowatoa kwenye Windows. Akamalizia kwa methali, kwamba mwacha mila ni mtumwa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, basi namjibu kwa Kiswahili. Neno dirisha lenyewe limetoka Kiajemi. Meza tuliipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani. Kitabu ni cha Waarabu, nao hawakukipa wingi wa vitabu. Sisi tuliposikia ki mwanzoni tulikiingiza katika ngeli yetu, na leo tunasema kijitabu na vijitabu bila kumwomba mtu ruhusa. Je, Kiswahili ni mtumwa wa hao wote? Lugha yetu ilichukua umbo lililozoeleka bandarini na sokoni, ikalitawala kwa sarufi yake. Swali la utumwa liko kwenye sarufi: nani anaamua neno linafanyaje kazi? Katika imeji yangu sura ni ya kuazima, lakini sarufi ni yetu. Hakuna leseni inayoisha, na hakuna kampuni inayoweza kuamka siku moja ikasema mashine hizi sasa ni takataka. Nikitaka kubadilisha kitu ninakibadilisha.

Wala sikunakili kila kitu. Nilitazama jinsi watengenezaji wa AeroThemePlasma walivyolipa eneokazi la KDE Plasma sura ya Windows 7, nikajifunza kwao. Lakini picha, sauti na nembo za Microsoft ni mali yao, sikuzigusa. Kwenye kitufe cha duara nilichora punje ya kahawa, maana kahawa ya milima hii ndiyo iliyosomesha wazazi wetu wengi. Nyuma ya madirisha niliweka picha niliyoipiga mwenyewe asubuhi, ukingo wa Wanale ukiwa na maporomoko yake baada ya mvua. Ukiburuta dirisha, mlima unaonekana kwa ukungu kupitia kingo zake. Wateja hutabasamu wanapouona, na sioni kwa nini mteja wa Mbale asistahili kutabasamu mbele ya kompyuta.

Lakini katika jambo moja rafiki yangu alinishinda, na sina budi kukiri. Mwezi wa pili alikuja kijana na kompyuta yake ya mapajani, akaniomba nimwekee "ile Windows yenu nzuri." Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kumbe miezi yote hiyo watu walidhani ni Windows, nami nilikuwa nimenyamaza kwa sababu ukimya ulileta wateja. Kuwarahisishia watu njia ni jambo jema. Kuwaacha wasijue wako njia gani ni jambo jingine. Jioni hiyo niliongeza maneno kwenye ukurasa wa kuingilia, kwa herufi kubwa: "Karibu. Mulembe. Hii ni Linux, si Windows. Uliza bila kuogopa." Shangazi aliogopa kwamba watakimbia tena. Hawakukimbia, kwa kuwa walikuwa wameshakaa. Wawili walinipa kompyuta zao niwawekee, safari hii wakijua wanachoomba.

Sasa niwaeleze wanaodhani kazi hii ni ya brashi na ndoo. Imeji yangu imejengwa juu ya Fedora Kinoite, aina ya Linux ambayo kiini chake husomwa tu, hakiandikwi ovyo na mtumiaji wala na programu. Juu yake niliandika faili moja la maelekezo: anza na mfumo huu, ondoa hiki, ongeza LibreOffice, weka fonti hizi, weka mandhari haya. Nikibadilisha mstari mmoja, kompyuta za mbali za GitHub hujenga imeji upya bila malipo, kwa kuwa mradi uko wazi kwa umma. Mashine za dukani hupakua toleo jipya pembeni wakati zikiendelea na kazi, kisha hulitumia zinapowashwa tena. Toleo la zamani halifutwi. Jipya likileta matatizo, mtumiaji analichagua la jana kwenye orodha ya kuwashia na anaendelea na kazi yake.

Wanaoishi Mbale wanaelewa uzito wa hilo. Umeme hukatika bila kubisha hodi. Zamani ukikatika katikati ya sasisho, mashine iliweza kukataa kuwaka kabisa, na fundi akaitwa. Sasa sasisho ama limekamilika ama halijakuwapo. Umeme umekatika mara mbili tukiwa katikati ya kupakua, na mara zote mashine ziliwaka na toleo lililokuwapo.

Sitaki mtu aseme nimeficha kasoro. Imeji ya kwanza ni gigabaiti kadhaa, na kwa bando zetu hilo ni pigo, kwa hiyo niliipakua mara moja usiku na kuihamisha kwa flashi. Mashine mbili kongwe zilielemewa na ule ukungu wa nyuma ya kioo, nikauzima, zikabaki na mng'ao tu. Printa ya zamani ilinitesa siku tatu. Nyaraka zilizoandikwa kwa fonti ya Calibri zilikuwa zinaruka kurasa hadi nilipoongeza Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Na kompyuta ya tano bado ina Windows, kwa sababu programu ya hesabu anayoitegemea shangazi haifanyi kazi kwingine. Hiyo tumeiondoa kwenye intaneti na haichomekwi flashi ya mteja. Nne kati ya tano ndicho nilichopata, nami sidai zaidi.

Sasa narudi darasani kwetu. Maneno ya mhadhiri yaliniumiza kwa sababu yanagawa kazi kwa namna tuliyoizoea mno: wa kompyuta washughulike na mashine, wa Kiswahili washughulike na ushairi, na sura ya mashine isishughulikiwe na mtu. Matokeo yake tunayaona. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto atakayefundishwa lugha hiyo atakaa mbele ya kompyuta ambayo haina hata neno moja la lugha hiyo. Wenzetu wa Dar es Salaam walionyesha mapema kwamba jambo hili linawezekana: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maelezo ya Kiswahili. Wengi wetu tulikuwa watoto wachanga au hatujazaliwa. Leo tuna intaneti mfukoni na shahada njiani, na bado tunajadili kama sura ya kompyuta ni jambo la msomi.

Katika imeji yangu nimeanza kidogo. Orodha inayofunguka kwenye punje ya kahawa inasema Andika, Hesabu, Chapisha, Flashi Yangu, Zima. Haya ni mafaili mafupi ambayo yeyote anaweza kuyahariri, mstari mmoja kwa kila jina. Lakini ndani ya programu bado kuna maelezo mengi ya Kiingereza, na mengine sijui niyatafsirije. Mteja aseme folda au kabrasha? Mzee aliyeleta barua ya LC1 ataelewa "hifadhi" au "weka"? Nimejaribu nywila, wengi wakaniuliza ni nini. Nikaandika neno la siri, wakaelewa mara moja. Hayo ni maswali ya istilahi, na istilahi tunafundishwa hapahapa. Mwenye kozi ya tafsiri anayetafuta mada ya utafiti ameipata.

Ombi langu kwa wahadhiri ni dogo. Mwanafunzi akileta kazi ya namna hii, kabla ya kuuliza ina nadharia gani, ulizeni ni nani aliyekaa mbele yake na alifanya nini. Ombi langu kwa wenzangu wa kompyuta ni kwamba waache kuwacheka watu wanaotafuta kitufe cha kuanzia pale walipokizoea. Na kwa wenzangu wa Kiswahili: faili la maneno liko wazi, lina mistari ambayo haijajazwa, na Jumamosi alasiri duka huwa na nafasi. Njoni na kamusi. Wateja wakiwa wachache, shangazi atawapa kiti.